Brikicho Kanisani

Mwezi uliopita tulimuaga mzee mmoja wa jumuiya yetu. Kanisa letu la Kiswahili hukutana Scarborough, hapa Toronto, kwenye chumba cha kupanga katika safu ya maduka, kati ya fundi wa simu na mkahawa wa roti, na siku hiyo waombolezaji walikuwa wengi kuliko viti. Familia ikaomba kutumia kanisa la mawe lililoko katikati ya jiji. Nilipovuka kizingiti chake, harufu ilinishika kabla sijaona chochote: mawe yaliyonyonya mvua, nta ya mishumaa, mbao kuukuu zilizosuguliwa kwa mafuta, vitabu vya nyimbo ambavyo havijawahi kukauka vizuri. Miguu ikakataa.

"Dada, uko sawa?" akaniuliza mama aliyekuwa akigawa ratiba mlangoni.

"Ni vumbi tu," nikamjibu.

Nikaketi safu ya mwisho kabisa, na ibada nzima masikio yangu yalikuwa kwenye mlango, yakisikiliza kama kuna anayeufunga.

Wenzangu wa rika langu mliokulia ugenini mtanielewa. Kuna mahali mtu huishi muda mfupi tu, akahama, akasoma, akaajiriwa, akazaa, na bado mahali hapo panamjua kwa pua. Kwangu mimi ni kijiji kimoja cha Uingereza, mashambani, chenye barabara moja, nyumba chache za mawe, kondoo wasiohesabika na kanisa lililokuwepo kabla ya kitu kingine chochote nilichowahi kukiona.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama, muuguzi wa Nakuru, akapata kazi ya kuwatunza wazee Uingereza. Wauguzi wengine aliosafiri nao walipelekwa mijini, kwenye makao makubwa yenye vyumba vingi na wafanyakazi wa kila taifa. Mama yeye akapangiwa bikizee mmoja tu, aliyeishi peke yake kijijini, nasi tukapewa vyumba viwili nyuma ya jikoni lake. Niliposikia neno kijiji nilijichorea kule kwa kina baba, Machakos: kuku, redio ya jirani, watoto wa kunipokea kwa kelele njiani. Tulishuka kwenye gari jioni moja yenye ukungu na nikangoja kelele hizo. Hazikuja. Nilisikia kunguru, kisha mlango wa gari ukifungwa, kisha hakuna kingine.

Bikizee huyo aliitwa Winifred. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye nywele nyeupe alizozibana kwa pini, na alivaa viatu vya mpira vya shambani hata akiwa ndani ya nyumba.

"Usimwite kwa jina lake," mama alinionya. "Mwite Nyanya."

Nikamwita Nyanya. Akataka kujua maana yake, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha darasa la tatu kwamba nyanya ni mama wa mama au wa baba, na pia ni lile tunda jekundu la kupikia mchuzi. Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. "Basi mimi ni yote mawili," akasema. Tangu hapo alikuwa Nyanya Winnie. Jina langu mimi ndilo lililomshinda. Naitwa Mutheu. Akalijaribu, akaligeuza mdomoni, likatoka Matthew.

"Lakini Matthew ni mvulana," akaniambia kwa upole, kana kwamba wazazi wangu walikosea na hakutaka kuwaaibisha.

Shule ilikuwa kijiji cha pili. Basi dogo lilinichukua asubuhi na kunirudisha alasiri, na mimi peke yangu ndiye niliyeshuka kwenye kituo chetu. Watoto wa pale hawakunitendea ubaya. Walinipisha njiani, wakaniazima kalamu za rangi, wakaniambia samahani hata waliponigusa kwa bahati mbaya. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza nakwenda wapi baada ya shule. Mama naye alikuwa na kazi ya kuosha, kupika, kupanga vidonge, kufua na kunyoosha nguo, na usiku aliongea kidogo sana. Nilijifunza kutembea bila kutoa sauti, ingawa hakuna aliyeniomba.

Aliyekuwa na nafasi nami ni Nyanya Winnie. Familia yake ndiyo iliyoshika ufunguo wa kanisa tangu zamani, na kazi yake ilikuwa kulifungua asubuhi na kulifunga kabla ya giza. Padri alikuja mara moja tu kwa mwezi kwa sababu alikuwa na vijiji vingi vya kuhudumia; siku nyingine zote kanisa lilikuwa letu sisi wawili. Ufunguo wenyewe ulikuwa wa chuma, mrefu kuliko kiganja changu na vidole vyake, nao niliubeba mimi kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na baridi iliyokaa kama mtu mwenye nyumba. Viti vilijengwa kama vibanda vidogo, kila kimoja na mlango wake, na kando ya madhabahu walilala mume na mke wa mawe, shujaa na bibi yake, mikono imekunjwa kifuani, mbwa miguuni pao, pua zao zimelika kwa miaka. Siku ya kwanza nilidhani ni wagonjwa waliofunikwa unga. Nyanya Winnie alinishika mkono, akanipeleka nikawaguse. "Hawa ni majirani," akasema. "Hawasumbui."

Sikumbuki siku aliyoanza kuniita Rose. Alianza taratibu, kwanza kanisani, kisha jikoni, kisha popote. "Rose, nipe kitambaa." "Rose, umemwona paka?" Mama alidhani ni jina la mapenzi tu, kama vile madereva na wauza duka wa kule wanavyomwita kila mtu mpenzi. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kwetu. Jina la Mutheu nilipewa kwa ajili ya nyanya yake baba, aliyekufa kabla sijazaliwa, na tulipokwenda Machakos wazee walinisalimia kana kwamba ni yeye. Shangazi zake baba walinipisha kiti, wakaniuliza nimewaletea nini kutoka sokoni, na mzee mmoja mwenye fimbo aliniita mama huku machozi yakimlengalenga. Kwa hiyo nilijua kwamba jina ni kiti alichokiacha mtu fulani. Ukikalishwa juu yake, kuna mtu aliyeondoka. Swali langu likawa moja tu: huyu Rose ni nani, na ameenda wapi?

Nilimpata makaburini. Nyuma ya kanisa, chini ya miti myeusi isiyopukutika majani, kulikuwa na jiwe dogo lililoinama, limeota kuvu ya rangi ya manjano. Nilisugua kwa kidole. Rose. Mtoto wa umri wangu kabisa. Na chini ya jina, maneno yaliyosema kwamba hajafa, amelala tu.

Mtu mzima husoma maneno hayo akapita. Mimi niliyasoma kama taarifa. Amelala, maana yake ataamka. Na akiamka, atataka kiti chake.

Nikaanza kumhudumia. Kila alasiri, Nyanya Winnie alipokuwa akifuta vumbi ndani, nilizunguka nyuma na kuyaondoa majani juu ya jiwe. Nilimmegea biskuti yangu nikaiweka kwenye nyasi, na kesho yake ilipokuwa haipo sikufikiria ndege. Kilichonisumbua ni namna ya kumsalimu. Kwa umri alikuwa mwenzangu, lakini alikuwa amekufa muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mwishowe niliamua heshima haijawahi kumdhuru mtu. "Shikamoo, Rose," nikawa nasema, na kuondoka bila kumpa mgongo.

Sikumwambia mama. Alikuwa na yake. Nyanya Winnie alikuwa ameanza kuweka birika kwenye kabati la viatu na kuvaa koti juu ya nguo ya kulalia, na mama alikuwa akirekebisha kimyakimya. Kila Jumapili mtoto wa bikizee, Bwana Peter, alipiga simu kutoka London, na kila Jumapili mama alimwambia kwamba mambo ni mazuri. Kibali cha mama cha kukaa nchini kilitegemea kazi ile. Mimi hayo sikuyajua. Nilijua tu kwamba mama, akishaweka simu chini, huosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya majira ya baridi, mchana wa kule unapokatika kama uzi. Tulikuwa tumemaliza kufuta viti. Nyanya Winnie alisimama katikati ya kanisa, uso wake ukabadilika, ukawa wa msichana. Akatazama huku na huku kama mtu anayeogopa kugunduliwa na mwalimu.

"Jifiche, Rose," akanong'ona. "Haraka! Mimi nahesabu."

Ilikuwa brikicho! Tangu tutoke Nakuru sikuwa nimecheza brikicho, na sikujua kama Wazungu wanaijua. Nikasahau makaburi yote. Nikakimbia mpaka kwenye shujaa na mkewe, nikajipenyeza kati ya kitanda chao cha mawe na ukuta, mahali panapomtosha mtoto tu, nikashika mdomo nisicheke. Nilimsikia akihesabu kwa sauti, ameegemea nguzo. Katikati ya kuhesabu akanyamaza. Nikasikia viatu vyake vya mpira vikienda, polepole. Nikajua ananitegea. Mlango ukalia. Kisha ufunguo ukazunguka.

Hata hapo niliendelea kujificha. Nilikuwa mahali pazuri mno, na nilitaka anipate vizuri.

Madirisha yalikuwa na rangi, kisha yakawa ya kijivu, kisha hayakuwapo. Nilitoka nikaita. Kanisa lilinirudishia sauti yangu kutoka juu, imechakaa. Niliujaribu mlango, nikaugonga kwa viganja mpaka vikawaka moto, lakini mbao zilikuwa nene na nyumba ya karibu ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Kitu fulani kilipaa darini kwa mbawa za ngozi. Ndipo nilipoelewa, au nilipodhani nimeelewa. Hakuwa amenisahau. Amenirudisha. Rose anaamka, na mimi nimeletwa kumkabidhi kiti.

Nilirudi kwa majirani wa mawe kwa kuwa ndio pekee niliowafahamu humo. Nikaketi sakafuni karibu na mbwa wao, nikaanza kuzungumza na Rose kwa Kiswahili, kwani nilidhani waliolala wanajua lugha zote. Nilimwambia sikukiomba kiti chake. Nilimwambia biskuti nilizimega nusu kwa nusu. Nilimwambia nina mama, na mama hana mtu mwingine.

Nilipomsikia mama, sauti yake ilikuwa ikipita kwenye tundu la ufunguo.

"Mutheu! Mutheu, uko humo?"

Nilifika mlangoni, nikaweka mdomo kwenye chuma, na sikuweza kuitika. Niliogopa kwamba nikiitikia jina lisilo sahihi, mlango utabaki vile vile. Mama aliita tena na tena, na kila mara sauti yake ilipanda, mpaka ikavunjika. Nadhani ni kupumua kwangu alikokusikia.

"Kaa hapo hapo, mama," akasema. "Usiondoke kwenye mlango. Nakuja."

Alikuwa amemkuta Nyanya Winnie jikoni, ametulia na kikombe cha chai. Ufunguo hakujua aliuweka wapi. Alipoulizwa mtoto yuko wapi alijibu, "Rose ameenda kwao. Wamekuja kumchukua," akaanza kulia. Mama akakimbia nyumba hadi nyumba kutafuta mwenye ufunguo wa pili, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuona watu wa kijiji kile wakiwa pamoja: mlango ulipofunguka walikuwa wamesimama na tochi, wengine na kandambili za ndani kwenye theluji. Mama alivua koti lake akanifunga kama mtoto mchanga.

Baada ya hapo sikuzungumza. Shuleni walimu walidhani ni mafua. Nyumbani Nyanya Winnie aliniona asubuhi iliyofuata akanisalimia kwa furaha kama kawaida, na mimi nikajibanza nyuma ya mama. Jumapili simu ilipolia, mama hakusema kwamba mambo ni mazuri. Nilikuwa kwenye ngazi. Nilimsikia akisema kwa Kiingereza kwamba hali si salama, kwamba haiwezi kuendelea hivi, kwamba anasikitika. Nikajua ananishtaki mimi. Mtoto mwingine angeweza kuwa Rose vizuri, mimi nilishindwa.

Bwana Peter alikuja. Kulikuwa na mazungumzo sebuleni, milango imefungwa. Muda si muda Nyanya Winnie akapelekwa kwenye makao ya wazee ya mji wa jirani, nasi tukafunga mizigo. Kabla hatujaondoka mama alinipeleka kumuaga. Nilifika naye mpaka kwenye korido yenye harufu ya supu, nikang'ang'ania kiti cha plastiki na kukataa kuingia. Mama hakunilazimisha. Aliingia peke yake, akakaa humo kitambo, akatoka na macho mekundu. "Amekuuliza," akasema. Sikutaka kujua ameuliza nini. Tulihamia mji mmoja mkubwa, katika chumba tulichokaa na familia nyingine, na baadaye sana, karatasi zilipokubali, tukaja huku Toronto kwa mdogo wake mama. Maneno yangu yalirudi moja moja. Kijiji hatukukitaja tena.

Basi nilipotoka kwenye ibada ile ya mwezi uliopita sikurudi kwangu. Nilipanda basi mpaka kwa mama. Nilimkuta akichambua sukuma wiki. Mwanangu, ambaye hushinda kwake nikiwa kazini Markham, alikuwa sebuleni. Nyanya yake anamsemesha Kiswahili naye anajibu Kiingereza, na wanaelewana. Niliketi, nikachukua fungu la majani, na nikamweleza mama yote: jiwe, biskuti, shikamoo, kiti. Nilimweleza kwamba maisha yangu yote nimejua tulifukuzwa kule kwa sababu yangu.

Mama aliweka kisu chini.

"Tulifukuzwa na nani? Mimi ndiye niliyesema basi. Mama yako mdogo alinipigia simu kutoka huku akanisihi, nyamaza, funga mdomo, kazi itapotea na kibali kitapotea. Lakini wewe ulikuwa umenyamaza tayari. Wawili tungenyamaza mpaka lini?"

"Na Rose?"

"Rose yupi wa kaburini? Huyo ni mtoto wa zamani tu, sijui hata wa nani. Peter alinieleza. Wakati wa vita, watoto wa London walipelekwa mashambani wasife kwa mabomu. Rose wa Winnie ni mwingine, mmoja wa hao; aliletwa kwa kina Winnie, wakalala chumba kimoja, wakacheza pamoja. Winnie hakuwa na mwingine. Siku moja akarudi kutoka shuleni, akaambiwa mama yake Rose amekuja kumchukua. Hawakuonana tena."

Nilitazama majani mikononi mwangu. Hakuna aliyekuwa akiamka. Hakuna aliyekuwa akidai kiti. Nilikuwa nimeitwa kucheza.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Nami nilidhani umesahau. Nilikuwa nikiomba usahau." Akachukua tena kisu. "Siku ile ya kumuaga, wauguzi waliniambia amekuwa akimtafuta mtu anayeitwa Matthew. Walikuwa wamempigia Peter kumuuliza Matthew ni nani, naye hamjui. Nilipoingia akanishika mkono. 'Matthew yuko wapi?' Nikamwambia yuko shule. Akasema vizuri, avae glavu."

Kutoka sebuleni mwanangu alicheka peke yake kwa jambo fulani kwenye skrini. Nilimuuliza mama swali ambalo sikuwahi kumuuliza: yeye mwenyewe alikuwa akiishije kule?

Alifikiri. "Siku yangu ya mapumziko ilikuwa Jumanne," akasema. "Wewe ulikuwa shule. Nilikuwa naenda kupanda basi la mjini. Sikuwa na cha kununua. Nilikaa nyuma ya dereva, nikazunguka naye mpaka mjini na kurudi, kwa sababu nilipopanda alikuwa akiniambia, 'Habari ya asubuhi, mpenzi.' Nilijua anamwambia kila mtu. Lakini nilipanda."

"Ungeomba mapumziko yawe Jumamosi. Ungenichukua."

"Ningekutoa kwa Winnie nikupeleke wapi?" mama akasema. "Mlikuwa mnashinda pamoja na ule ufunguo wenu, mnacheka. Nilikuwa nawasikia kutoka jikoni. Nikasema, angalau mmoja wetu ana rafiki."